Jengo limeuzwa na mkataba wangu una miaka mitatu na nusu mbele: nihame?

Swali. Nimepanga ghorofa ya chini ya jengo la biashara, na humo nina kiwanda kidogo cha uchapaji. Mkataba ni wa miaka 6. Tuliusaini mbele ya mashahidi lakini hatukuupeleka kokote kuandikishwa. Umebakiza miaka 3 na nusu. Sasa nimeletewa barua na kampuni nisiyoijua: wanasema wamelinunua jengo, mkataba wangu na mwenye jengo wa zamani umekwisha pamoja na umiliki wake, na nina siku 60 za kuchagua kati ya kusaini mkataba mpya wenye kodi karibu mara mbili au kuhama. Amana yangu ya kodi ya miezi 3 wanasema haikufika kwao, nikamdai aliyeuza. Mashine zangu kubwa zimefungwa kwa boliti sakafuni, na umeme mkubwa na chumba cha kuhifadhia karatasi nimeviweka kwa fedha yangu. Je, ni kweli mkataba umekwisha? Na nikiondoka, nitabaki na nini?

Jibu. Ndugu yangu, usisaini, usihame, na usiache kulipa kodi. Nayatanguliza hayo matatu kwa sababu siku 60 hupita upesi, na wapangaji wengi hujiharibia katika wiki za mwanzo, kabla hata hawajaonana na wakili, kwa kuwa barua imewatia hofu.

Hoja ya kampuni hiyo ni ya zamani sana. Katika sheria ya Roma ya kale mpangaji hakuwa na haki yoyote juu ya ardhi au jengo lenyewe. Alikuwa na ahadi tu ya yule aliyempangisha. Jengo likiuzwa, mnunuzi hakuwa amemwahidi mpangaji lolote, kwa hiyo aliweza kumtoa, na mpangaji akabaki na kesi ya kudai fidia kwa muuzaji. Barua uliyopokea imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo. Lakini karibu kila mfumo mkubwa wa sheria umeshaiacha. Kanuni ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, kifungu cha 1743, inamkataza mnunuzi kumtoa mpangaji ambaye mkataba wake umethibitishwa rasmi au una tarehe isiyoweza kubishaniwa. Kanuni ya Madai ya Ujerumani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, inasema katika kifungu ambacho leo ni cha 566 kwamba mnunuzi anaingia mahali pa mpangishaji, akichukua haki zake na wajibu wake pia. Kifungu cha 578 kinalipeleka jambo hilo hilo kwenye majengo ya biashara. Nchi wanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, ikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zina sheria moja ya biashara iliyorekebishwa mwaka 2010, na kifungu chake cha 110 kinasema waziwazi kwamba upangaji haukomi kwa sababu tu haki za mpangishaji juu ya jengo zimekoma: mpangishaji mpya anachukua nafasi ya wa zamani na kuuendeleza mkataba. Uingereza na nchi zilizorithi sheria yake zilifika hapo kwa njia nyingine. Kwao upangaji wenyewe ni haki ndani ya ardhi. Anayenunua jengo lenye mpangaji ananunua kitu ambacho sehemu yake kwa muda fulani ni mali ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kuuzwa kwa jengo peke yake hakuui mkataba. La kuuliza ni kama haki yako ilikuwa imekwisha kukaa juu ya jengo kabla mnunuzi hajafika, au ilibaki kuwa karatasi kati yako na muuzaji. Jibu la hilo hutoka katika namna mkataba ulivyofanywa, rehani iliyopo juu ya jengo, na maneno ya mkataba wenyewe.

Nianze na uandikishaji, maana hapo ndipo una udhaifu, na ni vyema uujue kabla kampuni hiyo haijautaja. Sheria nyingi hudai kwamba pangisho la kuvuka muda fulani lifanywe kwa hati rasmi, au liingizwe kwenye daftari la ardhi, ndipo limfunge mtu wa tatu. Huko England, pangisho la zaidi ya miaka 3 linahitaji hati rasmi, na la zaidi ya miaka 7 linahitaji kusajiliwa. La miaka 6 kama lako, likiwa na hati iliyokamilika, lingemfunga mnunuzi bila usajili wowote. Nchini Kenya mpaka uko chini zaidi: sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inazihesabu pangisho zisizozidi miaka 2, pamoja na upangaji wa mwezi kwa mwezi, kuwa miongoni mwa haki zinazomfunga mnunuzi hata zisipoonekana kwenye daftari. Ujerumani inachukua njia tofauti kabisa. Huko mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja usiotimiza umbo linalotakiwa haufi, ila unahesabiwa kuwa hauna muda maalumu, na kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi baada ya mwaka wa kwanza. Mpango huo uliwekwa kwa ajili ya mnunuzi hasa, ili aweze kuyasoma masharti anayoyarithi.

Maana yake kwako ni kwamba wakili wako wa kwanza kumwona awe anayejua sheria ya ardhi ya nchi lilipo jengo, na swali la kwanza la kumuuliza ni hili: mkataba wa miaka 6 usioandikishwa unamfunga mnunuzi au haumfungi? Hata likitoka jibu baya, usikate tamaa. Pale penye mfumo wa Kiingereza, mahakama zimeshikilia tangu kesi ya Walsh na Lonsdale ya mwaka 1882 kwamba makubaliano ya kupangisha ambayo mahakama ingeweza kuyatekeleza yanachukuliwa kati ya wahusika kana kwamba pangisho limeshatolewa. Tena sheria nyingi huipa uzito hali ya mtu kuwa ndani ya jengo kwa macho ya wote. Mnunuzi aliyepita mbele ya mlango wako, akasikia mashine zinanguruma, kisha hakuuliza wewe ni nani na upo kwa haki gani, ana kazi ngumu ya kumweleza jaji kwamba hakujua. Na katika hali mbaya kuliko zote, kule kukaa kwako na kulipa kodi kwa mwezi huku ikipokelewa huzaa angalau upangaji wa mwezi kwa mwezi, ambao nao hauvunjwi bila notisi halali. Iwapo sheria ya kwenu inaruhusu kuandikisha kwa kuchelewa, au kuweka zuio kwenye daftari, fanya hivyo wiki hii, maana haki ikishaingizwa haiwezi kuondolewa kimyakimya.

Mara nyingine kutokuwa na karatasi humsaidia mpangaji, jambo linalowashangaza wengi. Kenya ina sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula. Inaulinda upangaji ambao haukuandikwa kabisa, ule ulioandikwa wa muda usiozidi miaka 5, na ule wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 bila kosa la mpangaji. Mwenye mkataba mrefu na mzuri wa miaka 6 usio na kipengele kama hicho huwa nje ya ulinzi huo na hutegemea mkataba wake. Ndiyo maana sikubali mtu ahukumu hali yake kwa kuangalia unene wa karatasi alizo nazo.

Sasa rehani. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo wapangaji wenye mikataba safi kabisa hupotezea kila kitu.

Barua inasema "tumenunua". Haisemi wamenunua kutoka kwa nani. Nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, lipa ada ya upekuzi, utoe nakala ya taarifa za kiwanja hicho. Tazama mambo matatu: jina la mmiliki wa sasa, tarehe aliyoandikishwa, na kama kulikuwa na rehani iliyoandikwa kabla ya mkataba wako kuanza. Ikiwa mwenye jengo aliuza mwenyewe kwa hiari, yote niliyosema juu yanasimama. Lakini ikiwa aliweka jengo rehani benki, kisha akakupangisha bila idhini ya benki, halafu akashindwa kulipa na benki ikauza, mambo yanageuka. Haki ya benki ilitangulia. Aliyenunua kutoka benki amepokea jengo kama lilivyokuwa siku ya rehani, na siku hiyo wewe hukuwamo. Mikataba ya rehani karibu yote humkataza mkopaji kupangisha bila ridhaa ya mkopeshaji, na mpangaji aliyeingia bila ridhaa hiyo anaweza kutolewa ingawa hajawahi kuchelewesha kodi hata siku moja. Ujerumani, ambako mnunuzi hufungwa na upangaji kwa nguvu kuliko nchi nyingi, nako sheria ya mnada wa mahakama humpa mnunuzi wa mnada haki maalumu ya kuvunja pangisho kwa notisi ya kisheria.

Kinachopimwa hapo ni tarehe. Pangisho likitangulia rehani, kwa kawaida benki na mnunuzi wake wanalirithi. Rehani ikitangulia, tafuta ushahidi kwamba benki iliridhia: barua, muhuri kwenye mkataba, hata mawasiliano ambayo benki ilidai kodi yako ilipwe moja kwa moja kwake. Benki iliyokaa ikipokea kodi kutoka kwako kama mpangaji haitasema kwa urahisi kwamba haikukutambua. Huko Marekani wapangaji wa biashara wenye uzito hawaingii kwenye jengo lenye mkopo bila hati ya pande tatu, ambayo ndani yake mkopeshaji anaahidi kwamba hata akilitwaa jengo hatamsumbua mpangaji anayetimiza wajibu wake, na mpangaji naye anaahidi kumtambua mkopeshaji kuwa mpangishaji wake. Nasikitika kila ninapoona mtu ametia akiba yake yote kwenye jengo bila mtu hata mmoja kumwambia kwamba hati ya namna hiyo ipo na inaweza kuombwa. Kwa mkataba huu inaweza kuwa umechelewa, ila kwa ujao usilipe hata amana kabla hujafanya upekuzi.

Soma pia mkataba wako, neno kwa neno. Tafuta kipengele kinachompa mpangishaji ruhusa ya kuvunja mkataba akiuza, akitaka kubomoa au akitaka kujenga upya. Kikiwapo, mnunuzi amekirithi kama alivyorithi wajibu, na utalindwa na utaratibu wake tu: muda wa notisi, njia ya kuifikisha, sababu inayotakiwa kutajwa. Notisi iliyokosea utaratibu mara nyingi haina nguvu. Kisipokuwapo, zile siku 60 hazina mzizi wowote, ni tarakimu waliyoichagua wao.

Kuhusu kodi mpya nitasema kwa mkazo. Kodi ndani ya muda wa mkataba hubadilika kwa njia iliyoandikwa ndani ya mkataba, au kwa chombo kilichopewa mamlaka na sheria, au kwa kukubaliana. Mwenye jengo kubadilika si mojawapo ya hizo. Lakini hatari kubwa kuliko kodi yenyewe ni ule mkataba mpya waliokuletea. Katika sheria nyingi, mpangaji akikubali pangisho jipya la chumba kile kile, la zamani linahesabiwa limerudishwa na kufutika siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyeandika neno "kufuta". Pamoja nalo huondoka mpangilio wa kodi, haki ya kuongeza muda kama ilikuwamo, na pengine hata deni la amana. Pangisho jipya pia linakuwa na tarehe mpya, kwa hiyo linakaa nyuma ya rehani ambayo huenda mnunuzi ameichukua ili apate fedha za kununua jengo hilo. Leo inawezekana uko mbele ya benki yake, na ukisaini utajiweka nyuma yake kwa mkono wako. Kama mnataka kubadilisha jambo kwa maelewano, lifanyike kwa hati fupi ya marekebisho inayosema wazi kwamba mkataba wa awali unaendelea katika yote mengine.

Umlipe nani? Usilipe kwa sababu tu umepokea barua yenye namba ya akaunti. Matapeli huziona habari za mauzo ya majengo na kuwaandikia wapangaji kabla mmiliki halisi hajaandika. Subiri ushahidi wa aina mbili: nakala ya daftari inayoonyesha mmiliki mpya, na barua ya mwenye jengo wa zamani inayokuelekeza kulipa kwake. Kwa kawaida sheria humlinda mpangaji aliyelipa kwa nia njema kwa mwenye jengo wa zamani kabla ya kupewa taarifa ya mauzo. Baada ya taarifa ulinzi huo hukoma. Kukiwa na ubishi wa kweli kati yao, wakili wako aombe fedha ziwekwe mahakamani au kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili. Usizikalie. Katika nchi kadhaa mwenye jengo la biashara anaweza kulitwaa jengo lake kwa sababu ya kodi iliyochelewa, hata bila amri ya mahakama ilimradi asitumie nguvu, na mnunuzi anayetaka uondoke atafurahi sana ukimpa sababu hiyo. Akipokea kodi yako, hasa baada ya kujua kila kitu kuhusu mkataba, kila risiti yake inakuwa ushahidi kwamba anakutambua. Andika kwenye kila malipo: kodi ya mwezi fulani kwa mujibu wa mkataba wa tarehe fulani.

Amana ni jambo gumu zaidi. Haki inaonekana iko wazi, kwamba anayerithi kodi arithi na wajibu wa kurudisha amana. Ujerumani imeliandika hivyo, tena ikaongeza kwamba mpangaji akishindwa kuipata kwa mnunuzi, mpangishaji wa kwanza bado anawajibika. Lakini katika mfumo wa Kiingereza mambo hayakwenda hivyo. Katika miaka ya 1980 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni ya Uingereza, likisikiliza rufaa kutoka Hong Kong, lilimkatalia mpangaji aliyedai amana kwa benki iliyochukua nafasi ya mpangishaji wake. Lilisema ahadi ya kurudisha amana ilikuwa ya mtu binafsi na haikuhama na ardhi. England baadaye ilibadilisha sehemu ya sheria zake kwa mikataba iliyofanywa kuanzia mwaka 1996, na chini ya mpango huo mpangishaji anayeuza hafunguki kwenye wajibu wake bila kumpa mpangaji notisi, kabla ya kuuza au ndani ya wiki 4 baadaye, na mpangaji ana wiki 4 za kupinga. Angalia maana ya hapo: wapo wapangaji wanaopokea karatasi kama hiyo, wanaiweka kwenye droo, na kwa kunyamaza wanamwachilia mtu aliyeshika fedha zao.

Wewe waandikie wote wawili, muuzaji na mnunuzi, ukidai kila mmoja kwa maandishi aeleze amana iko wapi. Ambatisha risiti. Katika mauzo ya kawaida mawakili hupiga hesabu ya amana na kuipunguza kwenye bei, kwa hiyo maneno "haikufika kwetu" mara nyingi yana maana kwamba fedha taslimu hazikukabidhiwa ingawa bei ilipunguzwa. Omba sehemu ya mkataba wa mauzo inayohusu wapangaji. Wakikataa, jaji akija kuiuliza kwa niaba yako, kukataa huko kutakuwa tayari kwenye jalada. Na tafadhali usijilipe kwa kukata amana kwenye kodi bila ushauri, kwani ukikosea utakuwa umejitengenezea deni la kodi.

Mashine zako. Kanuni ya jumla ni kwamba kilichofungamanishwa na ardhi huwa sehemu ya ardhi, na katika kesi ya Holland na Hodgson ya mwaka 1872 mitambo ya kufumia nguo iliyopigiliwa sakafuni ilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo, ikaenda kwa aliyeshika rehani. Lakini kwa wapangaji wenye biashara pana nafuu ya siku nyingi. Mwaka 1703, katika shauri la mtengenezaji wa sabuni, majaji wa England walikubali kwamba vyombo alivyofunga kwa ajili ya kazi yake angeweza kuvifungua na kuondoka navyo, ilimradi afanye hivyo kabla ya muda wake kwisha. Nafuu hiyo bado iko hai katika nchi zenye mfumo huo. Mashine ya uchapaji iliyofungwa kwa boliti ili isitikisike ni mfano wake kamili. Mikataba mingine huiondoa haki hiyo kwa maneno, kwa hiyo tafuta kipengele cha "maboresho" au "vitu vilivyofungwa". Tengeneza orodha leo: namba ya kila mashine, risiti, picha, na picha ya sakafu ilivyokuwa kabla kama unayo. Ukiondoa, utalipia mashimo.

Umeme mkubwa na chumba cha karatasi ni hadithi nyingine. Nyaya zilizopita ndani ya kuta na kuta ulizojenga zitabaki na jengo. Kulipwa fidia kwa ajili yake kunategemea kama sheria ya kwenu au mkataba unatoa fidia ya maboresho, na kama uliomba ruhusa kabla ya kujenga. Hapa sitakupa matumaini makubwa, maana wapangaji wengi huboresha majengo ya watu kwa makubaliano ya mdomo na wengi wao hawalipwi. Thamani yake kwako leo iko kwenye mazungumzo. Mnunuzi akitaka uondoke mapema, anainunua miaka yako 3 na nusu, na bei yake inapaswa kubeba gharama ya kuhamisha mashine, siku ambazo kiwanda kitasimama, na hayo uliyojenga. Hakuna dhambi kuuza haki yako. Ubaya ni kuitoa bure kwa kuwa ulitishwa.

Muda ukikaribia kwisha, angalia mapema kama sheria ya nchi inakupa haki ya kuongezewa. Ufaransa tangu amri ya tarehe 30 Septemba 1953 inampa mpangaji wa biashara haki hiyo, na mwenye jengo akikataa bila sababu inayokubalika kisheria hulipa fidia ya kumtoa. OHADA inatoa haki hiyo kwa aliyefanya biashara mahali hapo kwa angalau miaka 2, ila katika mkataba wenye muda maalumu lazima aiombe rasmi miezi 3 kabla ya tarehe ya mwisho. Anayepitisha siku hiyo ameipoteza. England, chini ya sheria ya mwaka 1954, mpangaji ana haki ya mkataba mpya isipokuwa pande mbili ziliiondoa tangu mwanzo au mwenye jengo athibitishe mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mojawapo ni kwamba anataka kulitumia jengo mwenyewe, na hapo kuna kizuizi kinachokuhusu moja kwa moja: aliyenunua jengo ndani ya miaka 5 iliyopita hawezi kuitegemea sababu hiyo. Sheria ya Kenya niliyoitaja ina kizuizi kama hicho. Kiliwekwa ili watu wasinunue majengo kwa lengo la kuwatoa waliojenga biashara humo. Sababu nyingine ni kubomoa au kukarabati kwa kiasi kikubwa, nayo mahakama hupima ukweli wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya S Franses dhidi ya Cavendish Hotel, ilikataa mpango wa ujenzi ambao mwenye jengo mwenyewe alikiri kwamba asingeufanya kama mpangaji angeondoka kwa hiari.

Kwa msomaji aliye upande wa pili, mmiliki au mnunuzi wa jengo, neno langu ni fupi. Haya yote yangejulikana kabla ya kulipa. Pita mlango kwa mlango, uombe kila mpangaji asaini cheti kinachotaja tarehe ya mkataba wake, kodi, amana aliyotoa, na madai yoyote aliyo nayo. Aliyesaini cheti hicho hataweza kuja kudai vingine baadaye, na wewe utajua bei ya kweli ya unachonunua. Haki zako za kudai kodi kwa wakati, kukagua jengo, na kupandisha kodi siku ya mapitio ikifika ziko palepale.

Turudi kwako, ndugu. Barua ya kujibu isiwe ndefu wala ya hasira. Waandikie kwamba umepokea taarifa yao; kwamba unashikilia jengo kwa mkataba wa tarehe fulani unaokwisha tarehe fulani, ambao unauambatisha; kwamba hukubali kuwa umekoma; kwamba utalipa kodi ya mkataba mara watakapothibitisha umiliki; na kwamba hakuna unalolikubali kwa kukaa au kulipa zaidi ya masharti ya mkataba huo. Waulize amana iko wapi. Ipeleke kwa njia inayotoa ushahidi wa kupokelewa na ubaki na nakala.

Wakija kufunga milango au kukata umeme kabla ya kesi, usishindane nao mlangoni. Piga picha, andika majina ya walioshuhudia, na wakili wako aende mahakamani siku hiyo hiyo kuomba zuio la muda. Kwa hiyo usimngoje wakili hadi siku ya 59. Mwone ukiwa na mkataba, risiti zote za kodi, risiti ya amana, ile barua yao pamoja na bahasha yake, na nakala ya daftari la ardhi. Mwombe akuambie pia kama kuna rehani juu ya jengo, na ni ya tarehe gani.